Nataka kutembea hadi Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa SS, lakini mke wangu anakataa

Mama Mshauri,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni baba wa watoto wawili, fundi wa kuchomelea vyuma katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, na mke wangu ana mimba ya mtoto wa tatu. Ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu hatuelewani tena, na jambo linalotugawanya mimi naliona kuwa jema.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa na SS, yaani ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu. Waliokulia katika nyumba yenye mtoto wa SS wanayajua maisha yake. Msimu wa baridi ulipoanza, mifupa ilimuuma usiku kucha, na mama alikaa naye kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, akimkanda magoti kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto. Kila damu ilipompungukia, sisi ndugu tulizunguka mjini kutafuta watu wa kumtolea, maana bila hivyo alibaki kitandani akisubiri. Alifariki akiwa na miaka 19. Siku ya mazishi, mbele ya ndugu na wachungaji, niliweka nadhiri kwamba nitatembea kwa miguu mpaka watu waujue ugonjwa huu na watoto wengine wapate dawa ambazo yeye alizikosa.

Baadaye dereva mmoja wa lori niliyemtengenezea geti alinieleza kwamba barabara ya kwenda Dar es Salaam, kupitia Kasumbalesa na Zambia, ina urefu wa karibu kilomita 2,000. Hapo hapo nikaona kwamba hiyo ndiyo safari yangu. Nimeamua kwenda peke yangu, bila gari la kunisindikiza, nikibeba mzigo wangu mgongoni, kilomita 40 kwa siku. Vijana sita wa kwaya yetu waliomba kwenda nami nikawakatalia, kwa sababu naamini kwamba safari ikiwa rahisi watu hawatatoa kitu. Kwa mazoezi, huenda kwa miguu hadi Kipushi siku ya Jumamosi na kurudi Jumapili. Goti la kulia hunisumbua, lakini nikimeza kidonge cha diklofenak kabla ya kuondoka ninafika vizuri.

Kanisa limekwisha kutengeneza bango, na waumini wameanza kuchanga kupitia namba yangu ya simu. Mteja wangu mmoja, mwenye kampuni ya ujenzi, ameahidi dola moja kwa kila kilomita nitakayotembea. Mke wangu anauliza nani atalipa kodi ya karakana nikiwa njiani, chakula changu kitatoka katika pesa ya nani, na nikianguka porini nani atajua. Nikimjibu kwamba Mungu yupo, ananyamaza na kutoka nje. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, naye anasema ninatafuta sifa.

Je, nitamshawishi vipi mke wangu ili niondoke kwa amani?

Mwenye Nadhiri, Katuba

JIBU

Mwanangu, pokea pole yangu kwa kumpoteza mdogo wako.

Umeniuliza namna ya kumshawishi mke wako. Sitakusaidia katika hilo, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye mtu pekee aliyeuliza maswali yanayofaa, na maswali hayo bado hujayajibu. Kabla ya kuyarudia, lakini, kuna swali moja ambalo hata yeye hakulitaja, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko yote: wewe mwenyewe umepimwa damu?

Mtoto huzaliwa na SS kwa kupokea S moja, yaani chembe ya urithi ya ugonjwa huo, kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa hiyo wazazi wako wote wawili wanabeba S, hata kama hawajawahi kuugua siku moja. Wewe hukuzaliwa na ugonjwa huo, lakini kati ya watoto wazima wa wazazi wa namna hiyo, kwa kawaida wawili katika kila watatu ni AS, yaani wamebeba S moja bila kuijua. Ukipiga hesabu hiyo, uwezekano wa wewe kuwa AS ni mkubwa kuliko uwezekano wa kutokuwa hivyo.

Mtu wa AS si mgonjwa. Anaishi kama wengine, anafanya kazi, anacheza mpira, na damu yake hata humkinga kwa kiasi fulani na malaria kali, jambo ambalo ndilo sababu ya S kuenea sana katika nchi zetu. Lakini anapoulazimisha mwili kupita kiasi, kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji na bila mapumziko, misuli yake inaweza kuanza kuvunjika, na mabaki yake yakaingia katika damu na kuziba figo. Dalili yake ni maumivu makali na udhaifu wa misuli, pamoja na mkojo wenye rangi ya chai nzito. Uchunguzi uliofanywa kwa askari weusi wa Jeshi la Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao, jambo la kutia moyo, lakini hatari yao ya kuvunjika misuli kwa sababu ya mazoezi ilikuwa juu kwa kadiri ya nusu ukilinganisha na wasio na S. Nao ni askari wenye makamanda, madaktari na maji karibu, wakati wewe umepanga kuwa peke yako kati ya Serenje na Mpika, huko Zambia, na mzigo mgongoni.

Diklofenak unayoimeza inaongeza hatari hiyo. Inafunika maumivu ya goti, ambayo ndiyo sauti ya mwili ikikuambia upumzike, na wakati huohuo inapunguza damu inayofika kwenye figo katika saa zile zile ambazo figo zina kiu. Goti linalohitaji kidonge ili lifike Kipushi halijawa tayari hata kwa robo ya safari uliyoikusudia. Acha dawa hiyo katika mazoezi, lionyeshe goti hilo kwa daktari, na uombe kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama unabeba S.

Nenda na mke wako apimwe pia. Ikiwa ninyi wawili ni AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto wa SS, na mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini, chanjo na kinga ya malaria kabla ugonjwa haujampiga. Ni ajabu kwamba mtu aliye tayari kuvuka nchi tatu kwa ajili ya kipimo hiki hajakifanya nyumbani kwake. Sikusemi kwa kukulaumu, maana familia nyingi zenye mtoto wa SS humuuguza mtoto huyo miaka yote na hakuna anayewaambia ndugu zake wapimwe.

Sasa niseme juu ya mateso. Unaamini kwamba watu hutoa kwa kadiri msafiri anavyoumia. Mwaka 2020, mzee mmoja Mwingereza, Captain Tom Moore, alizunguka bustani ya nyumba yake mara 100 akishikilia kifaa cha kutembelea, kila mzunguko ukiwa na mita 25, kabla ya kutimiza miaka 100. Zote pamoja ni kilomita 2 na nusu, na alikuwa ametarajia kupata pauni 1,000. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 32 kwa ajili ya mifuko ya hisani ya hospitali za serikali. Watu hawakupima urefu wa njia yake. Walimjua, waliamini kwamba pesa itafika, na walikuwa wanaliona tatizo lenyewe kila siku katika miezi ile ya korona.

Upande wa pili, kuna Henry Worsley, afisa mstaafu wa jeshi la Uingereza, aliyetaka kuvuka bara la Antaktika peke yake na bila msaada, akikokota chakula chake chote kwenye sleji, ili kuchangisha pesa kwa askari waliojeruhiwa. Hakuwa mgeni wa barafu, maana aliwahi kufika Ncha ya Kusini katika safari za awali. Baada ya siku 71, akiwa amebakiza kama kilomita 48, aliomba ndege ije kumchukua. Alifariki hospitalini huko Chile tarehe 24 Januari 2016 kwa maambukizi ya tumbo yaliyokuwa yamekwisha kuenea. Huyo alikuwa na simu ya setilaiti na ndege inayoweza kuitwa, na bado alichelewa. Hata Russ Cook, kijana aliyekimbia Afrika nzima kutoka kusini hadi kaskazini, karibu kilomita 16,000 kati ya Aprili 2023 na Aprili 2024, hakwenda peke yake, kwani alikuwa na gari na wenzake. Pamoja na hayo aliporwa kwa bunduki Angola, na baadaye njiani akashikwa na watu wenye mapanga. Kwenda peke yako kutafanya habari yako iwe ya kusisimua zaidi, lakini hakutamwongezea mtoto yeyote wa SS kidonge kimoja.

Kuna jambo lingine nililoliona katika barua yako. Siku ya mazishi ulisema kwamba utatembea mpaka watu waujue ugonjwa na watoto wapate dawa. Hukutaja Dar es Salaam. Hiyo iliingia baadaye, kutokana na mazungumzo na dereva, naye alikuwa anakueleza barabara anayoipita akiwa ameketi ndani ya kabini. Hakukueleza kilomita 50 hivi ambapo barabara hiyo inakata Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo tembo, nyati na simba wanavuka lami kwa wakati wao. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ukiibadilisha njia huvunji nadhiri. Kama moyo bado unakusuta, zungumza na mchungaji aliyekuwapo siku ile, akukumbushe maneno uliyoyasema.

Njia ninayokushauri ni ya kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kupitia Likasi na Fungurume, yaani kilomita 300 hivi. Ni nchi yetu, tunazungumza lugha moja na watu wa njiani, na watoto wa SS wapo katika kila mji mtakaoupita, ilhali ukiwa kule Tunduma, Tanzania, ungekuwa unawaeleza ugonjwa watu ambao pesa yao haitafika Katuba. Mkitembea kilomita 30 kwa siku na kupumzika siku moja Likasi, mtafika kwa siku kumi na moja au kumi na mbili. Ondokeni mwanzoni mwa Juni ili mfike tarehe 19, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kuujulisha ulimwengu ugonjwa huu. Mvua itakuwa imekwisha. Baridi ya asubuhi itakuwa kali, na kwa sababu hiyo hiyo msiwaite watoto wa SS waje kuwapokea alfajiri au kuwasindikiza barabarani, maana baridi na uchovu ndivyo vinavyowaamshia maumivu. Wawapokee mchana, wakiwa wameketi, wamevaa vizuri.

Na nimesema “mtafika”, si “utafika”, kwa makusudi. Wachukue vijana sita wa kwaya, kila mmoja akiwa amepimwa na daktari. Mteja wako aliahidi dola moja kwa kilomita, na ninajua kwamba unaogopa kushuka kutoka dola 2,000 hadi 300. Mwendee, mweleze wazi kwamba njia imebadilika na kwa nini, kisha mwulize kama atakubali kuhesabu kilomita za kila mtembeaji. Watu saba kwa kilomita 300 ni kilomita 2,100. Akikataa, ni haki yake, na utapokea 300 kwa shukrani. Usimfanyie hesabu hiyo kimya kimya na kumletea bili mwishoni.

Barabara ile unaifahamu. Malori ya shaba na ya tindikali hayana subira, na vumbi la kiangazi humficha mtu aliye pembeni. Tembeeni kwa mstari mmoja upande wa kushoto, mkiyatazama magari yanayokuja, kila mtu akiwa na fulana inayong’aa, na jua lisitue mkiwa bado njiani. Gari la kanisa litangulie na maji, chumvi, sukari na chakula cha kutosha, kwa sababu anayetembea kutwa na kunywa maji matupu bila chumvi anaweza kuzimia kama yule aliyekosa maji. Vibali vya mji na vya polisi vipatikane mapema, kwa maandishi. Msitoke barabarani kuingia maeneo ya migodi, wala msipige picha huko, hata kama mandhari yanavutia.

Nirudi kwa mke wako na pesa. Michango inaingia katika namba yako ya simu, ileile unayopokelea malipo ya mageti, na huo ni mtego hata kwa mtu mwaminifu. Siku mtoto atakapougua usiku, utachukua kidogo ukikusudia kurudisha, na hakuna atakayejua, isipokuwa siku watakapojua wote. Yule mzee wa Uingereza, Captain Tom, alifariki mwaka 2021, na fedha zake za kwanza zilifika zilikokusudiwa. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na tume ya nchi hiyo inayosimamia hisani, na ripoti ya Novemba 2024 ikaeleza kwamba familia yake ilijinufaisha kupitia jina hilo. Mzee hayupo kujitetea, na jina lake sasa hutajwa pamoja na habari hiyo.

Kwa hiyo hamisha pesa yote wiki hii. Kama kanisa lenu au chama cha wazazi wa watoto wa SS kimesajiliwa chini ya sheria ya 20 Julai 2001 inayohusu vyama visivyo vya faida, akaunti iwe kwa jina lake, nayo isifunguke bila sahihi za watu wawili, na wewe usiwe mmoja wao. Pesa ya watoto isinunue hata chupa moja ya maji ya safari. Chakula, mafuta ya gari na viatu viwe na mfuko wake, utakaochangiwa na watu walioambiwa wazi kwamba wanachangia safari. Daktari anayewatibu watoto hao aandike mahitaji na bei zake, kama vile vipimo, asidi ya foliki, penisilini na haidroksiurea, na malipo yaende moja kwa moja kwa mwenye kuuza dawa. Waliokwisha kutoa waandikie kila mmoja kwamba njia imebadilika na kwamba anayetaka pesa yake atarudishiwa mwezi huu. Watakaoitaka watakuwa wachache, lakini warudishie bila kuwauliza sababu.

Kodi ya karakana kwa muda utakaokuwa mbali iwe imelipwa kabla hujaondoka, na kazi ulizopokelea malipo ya awali ziwe zimekabidhiwa. Mweleze mke wako hayo akiwa ameketi na wewe umeketi, ukiwa na karatasi mkononi, na umwombe azitafute kasoro. Kumwambia kwamba Mungu yupo si jibu kwa mtu aliyeuliza habari ya kodi ya karakana. Hilo analijua kabla yako. Tena angalia tarehe ya kujifungua. Ikiangukia Juni, safari ingoje Juni ya mwaka unaofuata, na mwaka huo utumike kuwapima watu wa kanisa lenu. Kuhusu yaya yako, mpe kazi ya kukagua hesabu. Anayekushuku ndiye atakayezikagua vizuri.

Mwisho, lazima iamuliwe sasa nani atakuwa na mamlaka ya kukusimamisha, kwa kuwa wewe mwenyewe hutasimama. Terry Fox wa Kanada, kijana aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 katika siku 143 akichangisha pesa za utafiti, kisha tarehe 1 Septemba 1980 akasimama karibu na Thunder Bay, akiwa hajamaliza kuivuka nchi yake, kwa sababu saratani ilikuwa imeingia katika mapafu. Hakuna aliyedai kwamba amevunja ahadi. Watu waliendelea kutoa, na kabla hajafariki mwaka uliofuata michango ilikuwa imepita dola milioni 24 za Kanada. Andikeni basi kwamba mkojo ukiwa mweusi, homa ikipanda, au misuli ikikataa kufanya kazi, mtembeaji anapanda gari na kupelekwa hospitali bila mjadala, na kwamba neno la muuguzi wa msafara, au la mke wako kwa simu, linatosha kumtoa yeyote barabarani, wewe ukiwa wa kwanza. Karatasi hiyo isainiwe na wote saba kabla hamjaondoka Lubumbashi.